Naomba ushauri: START au SALT kwa wanafunzi wa ambulensi?
Habari zenu wadau. Nafundisha wahudumu wa ambulensi hapa Nakuru, na sasa tuna miwani ya uhalisia pepe ya kufanyia mazoezi ya ajali zenye majeruhi wengi. Nataka kulinganisha START na SALT, njia mbili za kupanga majeruhi kwa rangi ili ijulikane nani ahudumiwe kwanza. START wanaishika upesi: anayetembea ni kijani (anaweza kusubiri), anayepumua zaidi ya mara 30 kwa dakika ni nyekundu (ahudumiwe mara moja), halafu unaangalia mapigo ya kifundo cha mkono na kama anatii maagizo. SALT ina rangi ya kijivu pia, ya yule asiyetarajiwa kupona kwa vifaa vilivyopo. Hapo ndipo vijana wangu wanakwama, na siwalaumu.

Kinachonisumbua, kwenye miwani humpapasi mtu. Mapigo unaandikiwa tu. Je, kasi ya humo ina maana yoyote barabarani? Mliofundisha hivi Kisumu au Eldoret, mlipima muda, au makosa ya rangi? Kundi moja lijifunze njia zote mbili, ama niwagawanye?

Mandhari niliyofikiria ni makutano kama ya Londiani, lori lilipoua watu zaidi ya 50 Juni 2023. Baadhi ya wanafunzi wanatoka pande hizo. Nibadilishe?