Siku nne Bergen mwanzoni mwa Oktoba: ratiba ipangwe vipi katika mji wa mvua?

Mtulivu_wa_Kagera

Ndugu zangu, habari za leo. Mwanzoni mwa Oktoba nitakuwa Bergen, mji wa pwani ya magharibi ya Norwei, kwa mafunzo mafupi, na mafunzo hayo yakishamalizika nitabakiwa na siku nne, kuanzia Alhamisi hadi Jumapili, za kuutembelea mji kwa gharama zangu mwenyewe. Ratiba nilikwisha kuiandika: Alhamisi kupanda mlima Fløyen, Ijumaa kupanda boti kwenda kuona fiodi, yaani zile ghuba ndefu na nyembamba zinazoingia katikati ya milima, Jumamosi kutembea mtaa wa zamani wa Bryggen, na Jumapili makumbusho. Mwenyeji wangu alipoisoma alicheka, kisha akaniandikia kwamba ratiba ya namna hiyo inaufaa mji ambao mvua yake ina adabu.

Mimi ni mzaliwa wa Bukoba, ambako mvua ya mwaka hukaribia milimita 2,000, na takwimu za Bergen nilizosoma zinataja kama milimita 2,250. Kwa hesabu hizo sikuona sababu ya kuogopa. Hata hivyo kila ninayemuuliza ananipa onyo lile lile, kwamba hali ya hewa ya huko hugeuka mara tatu kabla ya adhuhuri. Naomba wenye uzoefu wanisaidie katika mambo mawili: je, ratiba hupangwa vipi ikiwa siku yenyewe haiaminiki, na je, tiketi za boti na za makumbusho zinunuliwe mapema, kwa kuwa bei za Norwei hazimruhusu mtu kukosea mara mbili?

Mwanagati (ninaishi Bergen)

Ndugu Mtulivu, karibu sana. Hesabu yako ya milimita ni sahihi, ila milimita hazisemi mvua inakaa kwa muda gani. Bukoba mvua huja kwa kishindo, radi ikitangulia kutoka ziwani, mitaro inafurika, na baada ya saa mbili tatu jua limewaka na watu wameanika tena kahawa yao. Hapa maji ya kiasi hicho hugawanywa katika siku zaidi ya 200 za mwaka, yakishuka kama manyunyu yanayoanza kabla hujaamka na kuendelea hadi unaporudi kulala, yakikatishwa na robo saa ya jua kali, kisha yakarudi pamoja na upepo kutoka upande mwingine. Kuanzia mwishoni mwa Oktoba 2006 hadi Januari 2007 mvua ilinyesha siku 85 mfululizo, na wenyeji bado wanaitaja mvua hiyo kwa fahari, kama watu wa kwingine wanavyotaja kombe lililochukuliwa na timu yao.

Ukitazama ramani utaiona sababu. Maeneo ya mgandamizo mdogo wa hewa husafiri kutoka Atlantiki kuelekea mashariki, moja nyuma ya jingine, yakiwa yamebeba unyevu wa bahari ambayo haigandi hata katikati ya majira ya baridi. Yakifika hapa hukutana na milima inayouzunguka mji, hewa hulazimika kupanda, hupoa, na maji yake hudondoka juu ya vichwa vyetu. Kila eneo la namna hiyo lina sehemu ya hewa vuguvugu na sehemu ya hewa baridi, na ni mipaka kati ya sehemu hizo inayopita juu ya mji na kuigeuza siku ndani ya saa chache. Waliouchambua mwenendo huo kwa undani walikuwa hapa hapa: Vilhelm Bjerknes alihamia Bergen mwaka 1917, na yeye pamoja na wanafunzi wake wakaijenga elimu ya utabiri ambayo dunia nzima inaitumia, wakaipa mipaka hiyo ya hewa jina la mstari wa mbele wa vita, kwa kuwa Ulaya ya wakati huo ilikuwa haijui maneno mengine. (Kituo kinachopima mvua ya mji kiko mahali panapoitwa Florida. Sitanii.)

Kwa hiyo ratiba yako ina kosa moja tu, nalo ni kuyafunga mambo kwenye majina ya siku. Andika orodha mbili: ya kwanza iwe na mambo yanayohitaji anga jeupe, ya pili iwe na mambo yasiyojali anga, na usiandike siku yoyote pembeni ya jambo lolote. Kisha pima kwa saa. Ni nadra mwezi huo kupata siku nzima kavu, lakini ndani ya siku nne ni nadra kukosa vipande vikavu vya saa mbili au tatu, na mtu anayelala mjini katikati anaweza kuvidaka. Treni ndogo ya Fløibanen, inayopanda mlima wako huo wa Fløyen na kuvutwa kwa kebo tangu mwaka 1918, ina kituo chake dakika chache kwa miguu kutoka Bryggen, na safari ya kufika juu, mita 320 kutoka usawa wa bahari, haifiki dakika kumi. Maana yake ni kwamba ukiona mawingu yameinuka ukiwa unakunywa chai, nusu saa baadaye unaweza kuwa mlimani unautazama mji wote na visiwa vyake. Ukiona hivyo Alhamisi, panda Alhamisi, hata kama mizigo bado haijafunguliwa. Usiseme utapanda kesho.

Mlima Ulriken ni jambo jingine. Huo una mita 643, na huko hupandishwi kwa reli bali kwa chumba kinachoning'inia kwenye waya, ambacho husimamishwa upepo unapokuwa mkali. Uweke wa mwisho katika orodha na usisikitike ukiukosa.

Kuhusu utabiri, tumia Yr, huduma ya Taasisi ya Hali ya Hewa ya Norwei pamoja na shirika la utangazaji la taifa, ambayo ni ya bure. Usisome picha ya wingu iliyowekwa kwa siku nzima, kwa sababu hapa picha hiyo karibu kila siku ina matone. Soma safu ya saa kwa saa na kiasi cha milimita kilichoandikwa mbele ya kila saa: sifuri nukta mbili ni manyunyu ambayo mkazi wa hapa hafungi hata zipu kwa ajili yake, ilhali milimita tatu kwa saa, pamoja na upepo, ni wakati wa kutafuta paa. Isome usiku kabla ya kulala, isome tena asubuhi, na utabiri wa siku ya tano mbele uuache kama ulivyo.

Bi_Safari

Kaka Mtulivu, nakubaliana na Mwanagati, ila nijibu swali lako la pesa, maana hilo ndilo lililoniuma mimi. Nilipokwenda Bergen nililipia boti ya fiodi wiki tatu kabla, tiketi ya bei nafuu isiyorudishwa wala kubadilishwa. Siku ilipofika ukungu ulikuwa umelala juu ya maji kiasi kwamba kwa saa tatu niliona ubavu wa boti, kikombe changu cha kahawa, na mgongo wa abiria aliyekaa mbele yangu. Kesho yake saa nne asubuhi anga lilikuwa jeupe, nami sikuwa na pesa ya tiketi ya pili. Tangu hapo, katika miji ya aina hii, nalipa mapema kwa kitu kimoja tu: mahali pa kulala, tena katikati ya mji. Chumba cha nje ya mji huwa na bei ndogo, lakini soksi zikilowa hutarudi kuzibadilisha, na ile nusu saa ya jua itakukuta uko ndani ya basi.

Kadi ya wageni inayoitwa Bergen Card hukufungulia usafiri wa mjini na makumbusho mengi, mengine bure na mengine kwa punguzo, nayo huhesabiwa kwa saa tangu unapoanza kuitumia, wala si kwa tarehe. Kwa hiyo usiiwashe siku ya kwanza kwa mazoea tu. Subiri hadi utabiri uonyeshe siku mbili mbaya zinazofuatana, uiwashe asubuhi ya siku ya kwanza kati ya hizo.

Bryggen usiihesabu kuwa ya siku kavu. Nyumba zile za mbao, zilizojengwa upya baada ya moto wa 1702 na kuingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1979, zina vichochoro vyembamba ambavyo ghorofa za juu zimejitokeza juu yake, na mvua ikinyesha ndipo harufu ya mbao na lami inapoamka. Mimi nilipapenda zaidi pakiwa pamelowa. Hatua chache kutoka hapo kuna Bryggens Museum, lililojengwa juu ya mabaki yaliyofukuliwa baada ya moto mwingine wa 1955, na humo utaona vijiti vya mbao vilivyoandikwa kwa herufi za kale za runi, vingine vikiwa ni ujumbe wa kawaida wa wafanyabiashara. Majumba ya sanaa ya KODE yamejipanga kando ya kiziwa kilicho katikati ya mji, na kutoka jumba moja hadi jingine ni hatua chache tu.

Mtulivu_wa_Kagera

Dada Safari na ndugu Mwanagati, ahsanteni sana. Ratiba nimekwisha kuichana, nimeandika orodha mbili. Yamebaki maswali mawili. Nimenunua mwavuli mzuri wa kukunja: je, unatosha? Na la pili, ikiwa siku zote nne zitakuwa za mvua tupu, je, kuna mahali pa kukimbilia?

Mmarangu

Mdogo wangu, mwavuli huo mwachie mama nyumbani. Mvua ya hapa huja kwa ubavu, na upepo wa kwenye gati huugeuza mwavuli wa kukunja ukabaki mbavu tupu. Baada ya dhoruba utaiona mingi imetupwa kwenye mapipa ya taka. Nunua koti la mvua lenye kofia na linaloshuka hadi mapajani, na ndani yake vaa fulana ya sufu, ambayo huhifadhi joto hata ikiwa na unyevu. Pamba na jinzi zikilowa hazikauki hadi jioni, na hapo ndipo hesabu yako ya Bukoba inapokosea kabisa, kwa sababu kwenu mtu aliyelowa huloa maji ya uvuguvugu, ilhali hapa mwanzoni mwa Oktoba joto huwa nyuzi kama nane hadi kumi na mbili. Beba soksi za akiba ndani ya mfuko wa plastiki. Viatu viwe vya kuzuia maji na vyenye soli inayoshika, kwani mawe ya mitaani na mbao za Bryggen huteleza.

Kuhusu kukimbia, sisi tuliokulia chini ya Kilimanjaro tunalijua jambo hili: upande wa kusini wa mlima una migomba na mifereji, ukizunguka kaskazini kwa Rongai unakuta ukavu, na mlima ni ule ule mmoja. Norwei ya magharibi iko hivyo hivyo. Milima ya pwani hukamua mawingu, na bonde kama Lærdal, lililo ndani kabisa ya fiodi, hupata chini ya theluthi moja ya mvua ya Bergen. Utabiri wa mji ukiwa mbaya siku nzima, fungua utabiri wa Flåm, kijiji kilicho nacho ndani kabisa ya fiodi. Ukiona nafuu, panda treni ya asubuhi inayoelekea Oslo, shuka Myrdal baada ya kama saa mbili, kisha panda treni ya Flåm, inayoteremka kutoka mita 867 hadi kwenye maji ya fiodi ndani ya kilomita 20. Hata mvua ikikufuata hadi huko hutapoteza kitu, kwa kuwa umekaa ndani, pakavu, na maporomoko ya maji yako katika nguvu zake zote. Boti ya fiodi unaweza kuipata huko huko Flåm, ukaikata tiketi baada ya kuliona anga kwa macho yako.

Tahadhari ya mwisho ni ya mwanga. Siku hizo jua huchomoza karibu na saa mbili kasorobo asubuhi na kuzama saa moja jioni, na mawingu huuleta usiku mapema zaidi, kwa hiyo safari ya Flåm ianze na treni ya kwanza utakayoweza kuiwahi.