Falcon's Flight: kwa nini haifunguliwi? Mafundi, nisaidieni (Septemba 2025)

Madamu_Fizikia (Arua)

Wenzangu mnaofuatilia rolakosta, zile treni za michezo zinazoporomoka kwenye reli za juu, salaam. Mwezi wa tisa wa 2025 umeingia na Falcon's Flight ya Qiddiya, kule Saudia, bado haijapandwa na mtu wa kawaida. Ilipotangazwa mwaka 2019 tuliambiwa tungoje 2023. Ikapita. 2024 nayo ikapita. Sasa ni mwaka huu, na mwaka wenyewe ndio huo unaishia.

Mimi nafundisha fizikia sekondari. Mashine hizi nazipenda tangu nilipopelekwa Didi's World pale Kansanga nikiwa mtoto, na leo nazitumia darasani kufundisha nishati, kwa sababu mtoto anaelewa haraka treni inayoporomoka kuliko tufe linalochorwa ubaoni. Hii ya Qiddiya wanafunzi wangu wa S3, kidato cha tatu, wameikariri: kilomita 250 kwa saa, reli ya mita 4,250, kilele cha mita 195 hivi. Juzi mmoja akaniuliza, "Madamu, kama imekwisha kujengwa, wanangoja nini?"

Nimesoma kila mahali nikapata uvumi tu. Wapo wanaosema pesa zimekwisha. Wengine wanasema joto la jangwani linayeyusha magurudumu. Wengine wanadai treni inashindwa kuupanda mwamba wa Tuwaiq ambao reli inaupanda, na wengine eti kila kitu tayari, anangojwa mkubwa fulani aje kukata utepe. Kila mmoja anaandika kana kwamba alikuwepo.

Nataka mtu aniambie: katika haya, lipi lina msingi? Na kuna dalili gani ya kutazama ili nijue wamekaribia? Sitaki kumrudishia mtoto uvumi.

Boda_wa_Koboko

Madamu, mimi nasimama na joto. Riyadh wakati wa kiangazi inapita digrii 45. Hapa kwetu Koboko jua la Februari tu linatosha kunipasulia tairi nikiwa nimebeba watu wawili na gunia. Sasa weka kilomita 250 juu yake. Hata barabara ya Entebbe Expressway mwisho ni 100. Magurudumu hayo yatavumilia vipi?

Fundi_wa_Lifti (Kampala)

Pole na kazi, mwalimu. Mimi ni mzaliwa wa Busia, na kazi yangu ni kufunga na kutengeneza lifti za maghorofa hapa mjini. Rolakosta sijaifunga, lakini kila ninapozisoma nakuta vitu vya kazini kwangu: reli, magurudumu ya kuongoza, breki, sensa, na kompyuta inayokataa kutoa ruhusa mpaka kila sensa ijibu. Kwa hiyo nitasema, na nitasema kwa urefu kwa sababu swali lako ni la mtoto na mtoto hadanganywi.

Kwanza tutenganishe mambo mawili. Falcon's Flight iko ndani ya bustani ambayo yenyewe haijafunguliwa. Six Flags Qiddiya City ina michezo 28, na rolakosta ni baadhi tu ya hiyo. Hata treni ikiwa tayari leo asubuhi, abiria ataingilia lango gani? Barabara, umeme, maji, vyoo, wahudumu waliofunzwa, michezo ile mingine yote, kila kimoja kina ratiba yake, na tarehe ya kufungua hufuata kile kilicho nyuma kuliko vyote. Bustani ya Cedar Point kule Ohio, Marekani, iko tangu 1870. Pale mashine mpya ikichelewa unajua ni mashine, kwa sababu lango liko wazi na watu wamejaa ndani. Qiddiya huwezi kusoma hali ya treni kwa kutazama kalenda. Ndiyo maana hili la pesa na hili la kushindwa mwamba siyapi uzito: wote wanaanza na tarehe iliyopita, halafu wanatafuta kosa la kuibandika.

La kungoja mkubwa pia silikubali, ila najua tarehe inaweza kusogea kwa jambo lisilohusu chuma kabisa. Bustani ya Ferrari World ya Abu Dhabi ilikuwa ifunguliwe mwishoni mwa Oktoba 2010. Akafariki Sheikh Saqr, mtawala wa Ras Al Khaimah, wakasogeza hadi tarehe 4 Novemba. Aliyekuwa mbali na anayependa uvumi angeweza kusema breki zimekataa.

Sasa ndugu yangu wa Koboko. Joto peke yake halitoshi kuwa sababu. Hapo hapo Ferrari World iko rolakosta ya Formula Rossa, inakimbia kilomita 240 kwa saa katika joto na mchanga, abiria wanavaa miwani ya kukinga macho, na imekuwa ikibeba watu tangu 2010. Lakini uliposema magurudumu umegusa penyewe, na hapa nataka tukae kidogo.

Gurudumu la treni hizi ni chuma au alumini katikati, na nje limevikwa poliyurethani, ile plastiki ngumu yenye tabia ya mpira. Uzito ukilikalia, sehemu iliyo chini inabonyea. Likizunguka, inarudi. Inabonyea, inarudi, mara nyingi mno kwa sekunde. Kila kubonyea kunaacha joto kidogo ndani ya plastiki, ndani kabisa, si juu unapoweza kushika. Ukienda pole pole joto linapata muda wa kutoka. Ukikimbia sana linajikusanya, na jua la nje linazidi kulizuia lisitoke. Mwisho wake si kuyeyuka kama watu wanavyodhani. Kinachoachia ni gundi inayoshika plastiki na chuma, halafu kipande kizima kinabanduka. Mimi naliona hili kwenye lifti za kilomita chache tu kwa saa: kibanda kikiegemea upande mmoja, gurudumu la upande ule linachoka mapema kuliko wenzake na plastiki inaanza kuachana na chuma ukingoni. Kwenye lifti nabadilisha gurudumu, narekebisha mizani, naenda nyumbani. Kwenye kilomita 250 hakuna nafasi ya kugundua baadaye.

Mwalimu, hesabu hii wape watoto. Nishati inakua kwa mraba wa kasi. Top Thrill 2, rolakosta ya Cedar Point, inafika kilomita 193 kwa saa. Kutoka 193 hadi 250 mtu anaona ni nyongeza ya 57 tu, lakini kwa uzito uleule nishati inaongezeka kwa asilimia kama 68. Na Top Thrill 2 yenyewe tunajua kilichoipata: ilifunguliwa kwa umma tarehe 4 Mei 2024, tarehe 12 ikasimama, wakatangaza kwamba Zamperla, waliotengeneza treni zake, wanahitaji kuzifanyia marekebisho. Msimu mzima ukapita reli ikiwa imesimama pale, mita 128 angani, bila mtu. Imerudi Mei mwaka huu. Mnara haukuwa na neno, mota za sumaku zilikuwa zinasukuma. Gari ndilo lililorudishwa kwa fundi. Kwa hiyo anayeniuliza nibashiri wapi Qiddiya wanatumia muda wao, nitasema kwenye treni na vitu vinavyogusa reli, kabla ya kusema mwamba au pesa.

Niongeze jambo moja la kazini. Kabla ya kukabidhi lifti tunaijaza vyuma vya uzito mpaka asilimia 125 ya kilichoandikwa mlangoni, tunaishusha kwa kasi yake kamili, tunakata umeme ikiwa katikati. Breki lazima ishike. Kuna jengo moja hapa mjini mwenyewe alikuwa amekwisha kualika watu na kuchapisha kadi. Tukajaza vyuma, tukakata umeme, breki ikateleza kabla ya kushika. Ilishika, ndiyo, lakini ilichelewa. Yule mzee alisimama mbele yetu akisema kesho hakuna atakayejaza lifti namna ile, tumwachie siku moja tu. Tukafunga mlango, tukaweka kufuli, wageni wake wakapanda ngazi. Waliopita pale walisema mafundi hawajui kazi. Nilikuwa radhi waseme hivyo.

Ndiyo maana uvumi wa kuchelewa unaniuma. Siku moja ya kusikitisha sana katika mashine hizi za Uingereza haikutokana na kuchelewa. The Smiler, rolakosta ya bustani ya Alton Towers, ilichelewa kufunguliwa mwaka 2013, watu wakalalamika, ikafunguliwa 31 Mei. Miaka miwili baadaye, tarehe 2 Juni 2015, treni tupu ilikuwa imekwama mbele kwenye reli. Mfumo ukaizuia treni yenye watu nyuma yake, kama ulivyoundwa. Mashine ilikataa. Watu wakadhani ni kosa la mfumo, wakaipita amri yake, wakairuhusu treni iende. Abiria 16 waliumia, wanawake wawili wakapoteza mguu mmoja mmoja. Kampuni ikatozwa faini ya pauni milioni 5. Mimi nikisikia treni imezuiwa, nataka kujua kama wameiacha izuiwe.

Kyeyo_Riyadh

Fundi amesema kweli. Niko huku kyeyo, yaani kibarua cha ughaibuni, naendesha gari la mizigo, na barabara ya Makka inayoshuka milima ya Tuwaiq inapita upande wa Qiddiya. Reli inaonekana ukingoni mwa mwamba. Video haionyeshi ukubwa wake. Ukiwa chini unatazama jiwe lile jinsi lilivyokatika wima, halafu unaona uzi mwembamba umelalia kichwani mwake, unajua watu watatupwa kutoka pale. Nilinyamaza kwenye usukani.

Treni nimeiona mara moja ikipita, haikuwa na watu. Kwa hiyo ile habari ya kushindwa mwamba, mimi naikataa kwa macho yangu. Kuhusu bustani, magari ya ujenzi bado yanaingia na kutoka kwa wingi, malori ya mchanga, ya vyuma, ya miti ya kupanda. Mahali panapofunguliwa kesho hapana malori namna hiyo.

Madamu_Fizikia (Arua)

Fundi, Mungu akubariki. Hili la lango na treni kuwa mambo mawili hakuna aliyeliandika kokote nilikosoma. Na ile hesabu ya asilimia 68 imekwisha kuingia kwenye daftari langu la maandalizi.

Bado unanidai jibu moja. Dalili ni zipi? Video za treni tupu zimeanza kuonekana, kila mtu anaandika "tayari!" Mimi treni tupu hainiambii kitu, au nakosea?

Fundi_wa_Lifti (Kampala)

Hukosei, mwalimu. Treni tupu ni mwanzo wa kazi. Tazama viti. Siku utakapoona masanamu ya plastiki yaliyojazwa maji yamefungwa mikanda kwenye viti, hapo wanapima uzito wa watu, na treni nzito haikimbii kama tupu: inapita vileleni kwa kasi nyingine, inabonyeza magurudumu kwa nguvu nyingine. Baadhi ya viti vikijazwa na vingine vikaachwa, furahi zaidi, wanajaribu mzigo ulioegemea upande.

Halafu hesabu treni. Reli ya kilomita nne na zaidi haitabeba treni moja tu. Reli imegawanywa vipande, na treni hairuhusiwi kuingia kipande ambacho mwenzake hajatoka. Siku treni mbili au tatu zikiwa relini pamoja, na moja ikasimamishwa makusudi katikati ya safari ili waone kama ya nyuma itazuiwa, ujue sasa wanaupima ule mfumo niliousema wa Smiler. Watu wakiona video hiyo wataandika "imeharibika!" Wewe usiwafuate. Kusimama kule ndiko kunakojaribiwa.

Mwisho, wafanyakazi wenyewe kupanda. Kabla ya hapo mimi simwamini anayetaja tarehe, awe shabiki au awe msemaji. Na hili nawalaumu wenye bustani, si mashabiki: wakitangaza mwaka kabla treni haijamwagiwa hata tone la grisi, wao ndio wanaofungua soko la uvumi. Waseme tu "tunajaribu, na hiki ndicho tunachojaribu wiki hii". Watu wangetazama kwa hamu ileile, na wangejifunza kitu.

Boda_wa_Koboko

Nimeelewa habari ya gundi. Tairi yangu nayo ilianza kufura ubavuni kabla ya kupasuka, nikadhani ni shimo la barabara. Fundi, hilo ni jambo lilelile?

Fundi_wa_Lifti (Kampala)

Karibu sana. Nyuzi za ndani ziliachana na mpira. Upepo mdogo pamoja na mzigo mkubwa vinaibonyeza tairi kupita kiasi, joto linajaa ubavuni. Pima upepo asubuhi kabla ya kubeba, usipime imekwisha kukimbia, utadanganyika. Na gunia libebwe na safari yake.

Madamu_Fizikia (Arua)

Kyeyo, ndugu yangu, nakuomba kitu. Ukipita tena barabara ile usisimame wala usipige picha, lakini tazama kama treni zimekuwa mbili. Na kama viti vina kitu ndani.

Kyeyo_Riyadh

Alhamisi nina mzigo wa kupeleka upande huo, madamu. Viti sina uhakika kama nitaviona kwa mbali vile, ila treni nitazihesabu.