Tupeane uzoefu: siku uliyoamua kupunguza makorokoro jikoni, yalikukuta yapi?

Mama Pacha wa Mwanga:
Jamani habari za jioni. Leo asubuhi nimefungua kabati la chini nitoe karai, rundo la vifuniko likanidondokea mguuni, kidole gumba kimevimba mpaka saa hizi. Kwa hasira nikatandika turubai uani nikatoa vitu vyote nje. Vyote. Nikahesabu, vifuniko 14 havina mwenyewe, hotpoti 6 (4 ni za kitchen party sijawahi hata kuzitoa kwenye boksi), makopo ya Blue Band 22, madumu ya mawese matupu 9 yananata hata kuyashika huwezi, na mifuko ya rambo nimeikunja pembetatu kama sambusa imejaa ndoo nzima. Mifuko imepigwa marufuku tangu Juni 1, 2019, mimi bado naitunza sijui namsubiri nani. Sasa vitu viko uani, jua limezama, baba pacha anauliza tunakula nini na mimi sijui mwiko uko wapi. Aliyewahi kufanya hii kazi aniambie alianzia wapi maana natamani kulia.

Bwana Mgebuka:
Chai na mkate shem, mwiko utauona kesho.

Binti Ujiji:
Pole dada. Kwenye hivyo vifuniko kuna chekundu cha hotpoti ya lita 5? Yangu ninayo ila kifuniko kilipotelea kwenye arobaini ya bibi, nimeuliza nyumba zote hakuna anayekiri.

Mama Pacha wa Mwanga:
Chekundu kipo. Lita ngapi sijui, giza limeingia.

Mzee wa Kibirizi:
Madumu msitupe. Dumu la mawese unalitia maji ya moto, majivu na mchanga kidogo, unatikisa mpaka mkono uchoke, unamwaga, unarudia, kisha unaliacha juani siku mbili. Linarudi jipya. Wauza mafuta wanalinunua.

Kapera Mstaafu:
Shikamoo mzee. Ndo maneno haya haya ya baba yangu, hivi tunavyoongea kuna madumu 40 nyuma ya nyumba hayajaoshwa toka nipo la tano, yanajaa maji ya mvua tunafuga mbu. Dada kata hayo madumu upande kitunguu majani.

Mzee wa Kibirizi:
Marahaba. Kukata dumu zima ni ujinga.

Kapera Mstaafu:
Sawa mzee, njoo uyatikise basi.

Afisa Mtarajiwa:
Mimi ni mwanaume na niliwahi kupanga jiko mke akiwa safarini. Niliona picha mtandaoni makopo yote yanafanana yamejipanga kama gwaride nikasema hii ndo nyumba. Nikanunua makopo 10 ya aina moja, nikamimina kila kitu, nikaandika kwa maka peni. Mvuke wa ugali ukafuta maandishi ndani ya wiki. Baba mkwe akaja asubuhi, nikamkorogea chai mwenyewe nionekane mkwe bora, vijiko vitatu. Ilikuwa chumvi ya Uvinza. Yule mzee alimaliza kikombe chote, akasema asante mwanangu, akaomba maji.

Binti Ujiji:
Hahahaha mkwe huyo anastahili ng'ombe wa pili.

Nisitajwe Jina:
Nilikuwa nasoma kimya kimya ila nimeshindwa kuvumilia. Mimi niliolewa 2016 tukakaa kwa mama mkwe, Gungu hapa Kigoma, wakati mume anamalizia nyumba yetu. Mama akasafiri Kasulu kumuuguza mdogo wake akaniachia nyumba. Nikasema sasa ndo muda wa kumfurahisha, nimpangie jiko akirudi asilitambue. Jiko lenyewe la nje, la tofali, masizi mpaka kwenye kenchi, na pembeni kuna kastoo ambako ukifungua mlango panya ndo wanakukaribisha. Nikatoa magunia, vyungu vilivyopasuka, ungo uliotoboka, mbuzi ya nazi isiyo na meno. Kule konani kabisa, yamefunikwa na kipande cha mkeka, nikakuta masufuria makubwa matano, yale mtoto anaweza kuogea ndani, meusi tii, mawili yamebonyea, moja sikio limeng'oka limefungwa waya. Nikawaza huyu mama anaishi na wajukuu wawili tu, sufuria la kuivisha kilo 20 za mchele la nini? Na hapo hapo si akapita kijana wa vyuma chakavu na mzani wake ule wa kuning'iniza. Nikamwita. Akapima moja moja, sindano ya mzani inashuka na mimi moyo unapanda, akanihesabia hela. Nikaongezea yangu nikanunua shelfu ya chuma ngazi nne, mabakuli yenye vifuniko na pazia la dirisha la maua. Nikapiga picha nikamtumia mume. Akajibu "mama atafurahi sana".

Siku ya nne alfajiri nyumba ya tatu wakafiwa. Saa moja nasikia hodi, wamama sita vitenge kiunoni na toroli. "Mwanangu tumekuja kuchukua masufuria." Masufuria gani mama? "Ya kikundi." Kumbe mama mkwe ndo mtunza vyombo wa kikundi cha kuzikana mtaa mzima, wamechanga kidogo kidogo toka 2004, na kila sufuria ukiligeuza kitakoni lina alama ya rangi nyekundu. Alama niliiona mimi! Nilidhani rangi ya mlango ilimwagikia. Nikawaambia yako kwa fundi. Wakasema fundi gani tuyafuate, watu wameshaanza kukaa kwenye mikeka. Ngoja mtoto analia narudi.

Bwana Mgebuka:
WEWE. Usituache hapo.

Kapera Mstaafu:
Mtoto mpe ziwa huku unaandika, wenzio tumesimamisha shughuli.

Mnyamwezi wa Ng'ambo:
Mwangaluka wapendwa. Tukimsubiri huyo niseme ya kwangu huku Tabora. Ninyi mnalilia vifuniko, hamjakutana na dumuzi, mdudu wa ghalani. Na mimi nilipatwa na kichaa cha kupanga, nikatoa mahindi na makopa ya muhogo ya mama kwenye gunia la stoo nikaweka kwenye ndoo nzuri jikoni zipendeze na shelfu. Sikuchunguza. Nikaja kufungua siku ya wageni, makopa ukiyashika yanavunjika mkononi kama rusk, ndani unga mtupu, na kale kadudu kadogo keusi-kahawia kanatembea taratibu kama mwenye nyumba. Wazee wanamwita Scania. Kwa Afrika alianza kujulikana huku huku kwetu mwanzoni mwa miaka ya 80, kwa hiyo huo wimbo wa kusema Tabora hatujawahi kutoa kitu muache.

Bwana Mgebuka:
Kwa hiyo unajisifia mdudu?

Mnyamwezi wa Ng'ambo:
Na asali. Jiko la Tabora lina asali, halina madumu yanayonata.

Binti Ujiji:
Asali hainati???

Mnyamwezi wa Ng'ambo:
Inanata kwa heshima.

Mama Pacha wa Mwanga:
Ndugu wa Tabora sasa ulifanyaje na huyo mdudu maana na mimi nimeona unga-unga kwenye ndoo ya maharage nikadhani vumbi.

Mnyamwezi wa Ng'ambo:
Anika juani kwanza yakauke kabisa, pepeta, halafu weka kwenye ile mifuko ya PICS yenye matabaka matatu, unafunga moja moja kwa kukaza hewa isiingie, mdudu anakosa pumzi. Usifungue fungue kila siku kuonja.

Mzee wa Kibirizi:
Majivu yanatosha. Sisi tumekula mahindi ya majivu.

Shangazi wa Katonga:
Pilipili kavu zichanganye humo humo.

Kapera Mstaafu:
Uza yote ununue kilo moja moja dukani, jiko linabaki tupu. Mimi jikoni kwangu kuna sufuria moja na kijiko na sijawahi kudondokewa na kitu.

Shangazi wa Katonga:
Ndo maana uko hivyo ulivyo.

Shem wa Buzebazeba:
Dada mwenye uzi, kitu cha kwanza kutoa ni jiko la mkaa na gunia lake, ndo linachafua kila kitu. Serikali yenyewe imesema ikifika 2034 asilimia 80 tuwe tunapikia nishati safi.

Shangazi wa Katonga:
2034 tutaonana huko huko. Leo nichemshe maharage ya Kasulu kwa mtungi wa kilo 6? Utaisha hayajalainika. Na samaki mgebuka wa kuchoma unauchomea kwenye gesi wewe?

Shem wa Buzebazeba:
Unaloweka usiku shangazi, asubuhi hayachukui muda.

Shangazi wa Katonga:
Usinifundishe maharage.

Nisitajwe Jina:
Nimerudi, poleni, kalala. Basi nikatoka na kanga na malapa, boda huyo. Yule kijana nilimuona anakunywa kahawa, akanipeleka kwa bosi wake kwenye uwanja wao wa chakavu, mabati mpaka juu. Tukaanza kupekua. Tukapata la kwanza, la pili, na lile la sikio la waya. Mawili yalishapigwa nyundo yamekuwa bapa kama chapati, yamepangwa tayari kusafirishwa na treni. Niliyatambua kwa ile alama nyekundu, imejikunja katikati. Nikakaa chini. Bosi akataka mara mbili ya bei niliyolipwa, sina, nikamwachia simu rehani. Nikarudi msibani na boda sufuria moja kichwani na mawili yamefungwa nyuma, mtaa mzima unaniangalia, na pale msibani wameshaazima la msikitini. Ugali wa muhogo ulipikwa kwenye lile la sikio la waya, na nani alisonga? Mimi. Mpaka malengelenge.

Mama mkwe akafika jioni kutoka Kasulu kwa ajili ya msiba. Akaingia jikoni, akaangalia shelfu, akaangalia kona, akagusa pazia kwa vidole viwili hivi. Akasema "pazia zuri". Hakuniambia neno jingine mpaka matanga yalipoanuliwa.

Binti Ujiji:
Nimesimama nywele. Pazia zuri!!

Afisa Mtarajiwa:
Bora angekutukana.

Bwana Mgebuka:
Hilo la sikio la waya ndo Liemba sasa, ile meli ya Ziwa Tanganyika. Wajerumani waliizamisha 1916, Waingereza wakaiibua 1924, ikarudi kubeba watu.

Shem wa Buzebazeba:
Samahani mimi niseme ukweli, kosa ni la mama mkwe. Unamwachia mtu nyumba humwambii kwamba humo kuna mali ya kikundi?

Shangazi wa Katonga:
Kosa la mama mkwe?? Wewe umeingia nyumba ya watu mwaka wa kwanza unauza vyombo vya watu kwa mzani, hujauliza hata kwa simu, halafu kosa la mama mkwe! Mgeni hata kuhamisha kinu anauliza.

Shem wa Buzebazeba:
Hakuwa mgeni, ni mke wa mtu.

Shangazi wa Katonga:
Mwaka wa kwanza ni mgeni. Waulize.

Mzee wa Kibirizi:
Shangazi ana hoja.

Kapera Mstaafu:
Mzee na madumu yako kaa pembeni.

Nisitajwe Jina:
Msigombane jamani, shangazi yuko sahihi, mimi mwenyewe nilishakubali. Kikundi kilikaa wakanipiga faini, masufuria mawili mapya ya saizi ile ile na kuosha vyombo misiba mitatu mfululizo. Mume alilipa la kwanza, la pili nililipa kwa kuuza dagaa miezi minne. Na jina nimepewa, mpaka leo mtaani naitwa Mama Mzani. Ushauri wangu kwa dada mwenye uzi, kabla hujatoa chochote nje ya geti geuza kitako uangalie alama.

Mama Pacha wa Mwanga:
Mmenitia woga nimetoka na tochi kwenda kugeuza vyombo. Kuna sinia mbili zina herufi zimegongwa kwa msumari na si za kwangu. Zimeandikwa A.M. Na bakuli la udongo la jirani aliyehama 2021. Mwiko nimeupata, ulikuwa ndani ya hotpoti.

Shangazi wa Katonga:
A.M.? Sinia zenye maua ya kijani pembeni?

Mama Pacha wa Mwanga:
Ndiyo shangazi.

Shangazi wa Katonga:
Nakuja kesho asubuhi. Niwekee na kikombe cha chai, sukari nitakoroga mwenyewe.

Binti Ujiji:
Na mimi nakuja na hotpoti yangu.

Mama Pacha wa Mwanga:
Haya, karibuni, vitu vyote bado viko uani. Mwenye kutaka madumu aje na gari.

Binti Ujiji:
(kesho yake) Tumejaribu. Kifuniko ni cha lita 3, kinadumbukia ndani. Ila shangazi kaondoka na sinia zake na hotpoti mbili za maboksi, na mzee kachukua madumu yote 9.

Kapera Mstaafu:
Mzee kayachukua?

Mzee wa Kibirizi:
Nayaloweka sasa hivi.