Siku ya kwanza ndani ya meli ya mtoni, Manaus hadi Belém: nijiandae vipi?

Mwanajiografia

Habari zenu, wanajukwaa. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu, na mwezi Juni, nikimaliza muhula wangu wa masomo nchini Brazili, ninakusudia kuteremka Mto Amazon kwa meli ya abiria kutoka Manaus hadi Belém, safari ya siku nne hivi. Nimeelezwa kwamba abiria wengi hulala katika vitanda vya bembea ambavyo kila mtu huja na chake, na kwamba meli ikipangiwa kuondoka saa sita mchana ni vyema kufika saa mbili asubuhi. Sielewi haraka hiyo ni ya nini, ilhali tiketi ninayo. Naomba aliyewahi kusafiri hivyo anieleze siku ya kwanza huwaje.

Abiria wa Tezi

Mdogo wangu, jina ninalotumia hapa nililipata kwa sababu ya swali lako hilohilo. Tiketi inakupa haki ya kupanda, haikupi nafasi ya kulala. Nafasi ni ya aliyetangulia kufunga kamba. Mimi nilifika saa moja kabla ya kuondoka, nikakuta sitaha ya kati imejaa bembea za kila rangi, bega kwa bega, na pengo pekee lililobaki lilikuwa upande wa tezi, yaani nyuma ya meli, kati ya mlango wa msalani na ngazi inayoshuka kwenye injini. Usiku kucha kila aliyekwenda kujisaidia alinisukuma mgongoni, nami nikawa nabembea bila kupenda.

Kwa hiyo wahi, na ukifika elekea upande wa omo, yaani mbele ya meli, mbali na injini, mbali na msala, na usikae chini ya taa, kwa kuwa taa haizimwi mapema na wadudu huifuata. Sitaha ya juu ina upepo mzuri na mandhari, lakini mara nyingi ndiko kuliko na baa na muziki.

Jambo la pili ni fundo. Langu la miguuni lilifunguka mnamo saa nane za usiku, nikateremka polepole kama ndoo ya kisimani hadi nikajikuta nimeketi juu ya gunia la vitunguu la mama mmoja mtu mzima. Hakunisema. Aliamka, akaizungusha kamba mara mbili kwenye chuma, akaukunja mkia wake na kuupitisha chini ya mzunguko, akauvuta, kisha akaniashiria kwa mkono nilale mshazari. Kumbe hiyo ndiyo siri: ukilala kufuata urefu wa bembea mgongo unajipinda kama ndizi, ukilala mshazari unanyooka.

Chukua pia shuka zito. Watu hudhani karibu na ikweta hakuna baridi, lakini meli inayokwenda usiku kucha juu ya maji hujitengenezea upepo wake.

Bi. Afya

Naongeza mawili tu. Chanjo ya homa ya manjano ipate angalau siku 10 kabla ya kuingia maeneo hayo, nawe usisubiri hadi wiki ya safari. Tena, maji ya bafuni katika meli nyingi za aina hiyo huvutwa mtoni, kwa hiyo yaoge lakini usiyapigie mswaki.

Mwanajiografia

Nawashukuru sana. Je, nitaweza kuona wanyama wa msituni siku hiyo ya kwanza? Na ile sehemu ambapo mito miwili hukutana bila kuchanganyika, tutaipita mchana?

Mpenda Mito

Kuhusu wanyama, usijipe tumaini kubwa. Meli inayoteremka hushika katikati ya mto ili isaidiwe na mkondo, na huko ukingo unauona kama mstari wa kijani tu. Meli inayopanda ndiyo hujibanza kandokando, ambako mkondo ni dhaifu, na abiria wake huona miti, nyumba za nguzo na watoto katika mitumbwi. Mwezi Juni, tena, mto huwa karibu na kilele chake, na maji yameingia msituni kiasi kwamba ukingo wenyewe hauonekani ulipo. Utaligundua hilo tangu bandarini: gati la Manaus linaelea, kwa sababu tofauti ya kina kati ya msimu wa mafuriko na ule wa kiangazi hufikia mita 10 na zaidi.

Makutano hayo yako karibu, takriban kilomita 10 chini ya mji, hivyo mkiondoka mchana mtayapita mchana. Rio Negro ni mweusi kama chai ya rangi, Solimões, yaani Amazon wenyewe kabla ya makutano, una rangi ya udongo. Maji ya Negro ni ya vuguvugu zaidi na huenda taratibu, ya Solimões yana tope, ni mazito na yana kasi, ndiyo maana hutiririka ubavu kwa ubavu kwa kilomita kama 6 kabla ya kukubaliana. Simama upande wa kulia wa meli, kwani Solimões huingia kutoka huko.

Abiria wa Tezi

Kabla ya kwenda kusimama huko, mwombe jirani akuangalizie begi.