Tupeane uzoefu: yaliyotukuta tulipoutembelea mji wa Edinburgh, Uskoti

Shemeji wa Tanga: Jana kijana mmoja alinihakikishia kwamba Edinburgh humalizwa kwa siku moja, kwa kuwa eti ni ngome juu, kasri ya Holyrood chini, na barabara ya Royal Mile katikati. Nikakumbuka tulivyotafutana na mke wa kaka yangu pale Cowgate. Ramani za simu zilionyesha kwamba tumesimama mahali pamoja, kila mmoja akaapa kwamba mwenzake hayupo, kumbe yeye alikuwa juu ya daraja la George IV Bridge nami nilikuwa barabara ya chini, inayopita chini ya daraja hilohilo. Wenye kumbukumbu za mji ule wazilete hapa, hasa zile ngumu.

Mpanda Ngazi: Kuhusu ramani nakuunga mkono. Magoti yangu nayo hayajausamehe mnara wa mwandishi Walter Scott, wenye ngazi 287.

Mama Furaha: Mtanivumilia, nitaandika kirefu. Mama yangu alitoka Bukavu kuja kututembelea baada ya miaka ambayo sitaisimulia hapa. Tulimpeleka pamoja na wajukuu kwenye bustani za Princes Street, chini ya ngome, siku ambayo jua lilitoka, na mliokaa Uskoti mnajua thamani ya siku hiyo. Saa saba kamili mchana mzinga ukalia ngomeni. Kabla sijageuka, mama alikwisha kumvuta mjukuu mdogo, akamlaza kwenye nyasi na kumfunika kwa mwili wake, huku akiniita kwa jina langu la utotoni akitaka nilale. Watu waliotuzunguka walikuwa wakitazama saa zao. Hawakuwa na ubaya wowote, kwa maana mzinga ule hupigwa tangu 1861 ili meli zilizokuwa bandarini Leith na katika ghuba ya Forth zipate kurekebisha saa, kwa kuwa siku za ukungu mabaharia hawakuweza kuuona mpira mkubwa uliokuwa ukishushwa kuwa ishara ya saa kutoka mnara wa Nelson, kilimani Calton Hill. Lakini jaribu kumweleza hayo mtu aliyelala kifudifudi! Mzee mmoja mwenyeji, mwenye mkongojo, alikuja akaketi kwenye nyasi karibu naye bila kusema neno mpaka alipotulia. Nilipomwambia mama kwamba jambo hili hutokea karibu kila siku kwa saa ileile, aliniuliza, «Ni vita gani hivyo vinavyofuata saa?» Kesho yake akataka aonyeshwe mzinga wenyewe. Tukapanda ngomeni, akasimama akiwa ameziba masikio kwa kitenge, na ulipokwisha kulia akamweleza askari aliyeupiga, kwa Kiswahili chetu cha Kivu, kwamba kazi ile ingefaa kufanywa na kengele.

Binti Lindi: Pole sana, dada, na mama umfikishie shikamoo yangu. Nilikuwa nimekuja kusimulia jinsi upepo wa Calton Hill ulivyonipokonya mwavuli. Sasa naona haya.

Mkweli: Pole kwa mama, lakini habari za mzinga huo ziko katika vitabu vya kuwaongoza wageni. Mwenyeji humwandaa mgeni wake.

Mpanda Ngazi: Ndugu Mkweli, umesoma habari yote hiyo ukaondoka na hilo tu?

Mwana wa Bagamoyo: Katika bustani hizohizo, jirani na mnara wa Scott, ipo sanamu ya David Livingstone. Anasimama peke yake. Susi na Chuma, ambao pamoja na wenzao walibeba maiti yake kutoka bara hadi kwetu Bagamoyo, wakafika mwaka 1874, hawakuwekwa kando yake. Nilikaa pale muda mrefu kuliko nilivyokaa ngomeni.

Mkweli: Waskoti wamemjengea sanamu mtu wao. Sisi tumewajengea Susi na Chuma sanamu ngapi?

Mwana wa Bagamoyo: Swali hilo ni la haki, ila wewe umelileta kwa ajili ya kushinda.

Mwanafunzi wa Zamani: Mkigombana kuhusu Livingstone, kumbukeni kwamba Mwalimu Nyerere alisoma katika chuo kikuu cha mji huo kuanzia 1949 hadi 1952. Mimi nilizunguka George Square, penye majengo ya chuo hicho, nikijiuliza baridi ile aliivumiliaje. Na mvua ikinyesha, kimbilieni Makumbusho ya Taifa ya Uskoti, Chambers Street, kwa kuwa hayana kiingilio na watoto watamwona Dolly, yule kondoo aliyezaliwa 1996 kutokana na seli ya kondoo mwingine.

Binti Lindi: Jumba la sanaa la taifa pale The Mound nalo ni bure. Mtafuteni mchungaji wa kanisa katika picha ya mchoraji Raeburn, anayeteleza juu ya barafu kwa utulivu wa mtu aendaye kanisani.

Shemeji wa Tanga: Bila kilima cha Arthur's Seat hamjaenda Edinburgh. Ni mita 251 tu.

Mpanda Ngazi: Msimsikilize. Kitazameni mkiwa chini, hakitozi chochote.

Binti Lindi: Dada, nami nataka kumpeleka mama yangu, naye hapendi milio ya ghafla. Nifanyeje?

Mama Furaha: Mpeleke Jumapili, mdogo wangu, kwa maana siku hiyo mzinga haupigwi. Ila mama yangu asisikie kwamba nimekushauri hivyo, kwa sababu siku hizi yeye ndiye anayewaharakisha wageni wetu wafike ngomeni kabla ya saa saba.