Mrejesho: Tiketi ya siku zote, Sauti za Busara

Wakuu, niliwauliza kama nichukue tiketi ya siku moja ya Sauti za Busara, lile tamasha la muziki kule Zanzibar, au ya siku zote. Mlionisisitiza ya siku zote, Mungu awabariki.

Siku ya kwanza niliwahi gwaride la ufunguzi, beni (ngoma ya matarumbeta) mbele, watoto wanakimbilia pembeni. Halafu Ngome Kongwe, ile ngome ya zamani ya Mji Mkongwe yenye majukwaa. Pale muziki unapigwa laivu, hakuna kuimbia juu ya CD, ndiyo maana unakuingia mwilini.

Jumamosi usiku kilipanda kikundi cha taarab. Nilikuwa karibu na jukwaa kiasi cha kuviona vidole vya dada mpiga kanuni, ile ala ya nyuzi nyingi: pete mbili kwenye vidole vya shahada, zimebana vile vijiti vya kuchokolea, nyuzi zinatetemeka. Mama aliyekuwa pembeni yangu machozi yalimtoka. Na mimi pia.

Msanii niliyemfuata hasa nilimkosa, usingizi ulinipitia chumbani, na bado naumia. Ila bendi nisizowahi kuzisikia ndizo ninazosikiliza mpaka leo.

Aliyeniambia nilale Ng'ambo, upande wa mji ulio nje ya Mji Mkongwe, alinena kweli: bei nafuu, na kwa miguu unafika Ngome Kongwe. Urojo kwenye bustani ya Forodhani kila usiku. Mwakani naenda na mdogo wangu, akiba nimeshaanza kuweka.