Kikundi cha Ukoo: Maporomoko Jumamosi

ALHAMISI

[19:04] Neema: Habari za jioni wanaukoo. Jumamosi maporomoko, inyeshe isinyeshe. Nataka majina kabla ya saa tatu usiku.

[19:05] Neema: Tena mvua ndiyo yenyewe. Kiangazi tulikuta maji yanachuruzika ukutani kama bomba bovu. Sasa hivi yananguruma unayasikia kabla hujayaona.

[19:31] Neema: Naona mmesoma. Vidole vimeganda?

[19:33] Side: mi nipo

[19:33] Side: kama kuna gari

[19:34] Neema: Gari linaishia njia inapoanzia. Baada ya hapo ni miguu, tunafuata mto mpaka poromoko la tatu.

[19:40] Mama Pili: La tatu ni lile la siku ile?

[19:40] Neema: Dada, tusianze.

[19:41] Mama Pili: Sijaanza. Nimeuliza.

[19:44] Binamu: 🙈🙈

[19:53] Neema: Vya kubeba: koti la mvua, SI mwavuli, nataka mikono iwe huru. Viatu vyenye meno chini, mizizi na majani mabichi yanateleza kuliko tope. Jinzi acheni nyumbani, ikilowa haikauki leo wala kesho na baridi yote inaingia mwilini. Nguo kavu na simu ndani ya mfuko wa plastiki.

[19:55] Side: na ndala?

[19:55] Neema: Side.

[19:56] Side: namuulizia Mjomba

[19:58] Mjomba: Nilivaa ndala mara moja tu, na nilishuka kwa heshima zangu.

[19:58] Binamu: ulishuka kwa makalio Mjomba 😂😂

[19:59] Mjomba: Lakini nani alifika wa kwanza?

[20:03] Mama Pili: Ni wewe Mjomba. Na begi langu mgongoni. Mimi nimebaki ng'ambo na mtoto, maji yananipiga magotini, wewe uko chini ya mti unapigwa picha.

[20:04] Mjomba: Mwanangu, nilikwambia subiri.

[20:04] Mama Pili: Hukuniambia. Ulinipungia mkono. Nikajua unaniita.

[20:06] Binamu: *Ujumbe huu umefutwa*

[20:11] Neema: Jamani. Majina.

[20:26] Shemeji: Samahani, ndiyo kwanza nafungua simu. Kabla ya majina, tunavuka au hatuvuki? Maji ya sentimita 15 tu, juu kidogo ya kifundo, yakiwa na kasi yanamwangusha mtu mzima. Mita moja ya ujazo ya maji ni kilo 1,000. Huwezi kushindana nayo.

[20:27] Side: hiyo si Mjomba na begi lake

[20:27] Binamu: 😂😂😂😂

[20:28] Mjomba: Side nitakukuta.

[20:29] Shemeji: Nimeuliza tunavuka au hatuvuki.

[20:30] Binamu: mi naenda kwa ajili ya picha tu, siku ya mawingu maji yanatoka vizuri, jua likiwaka yote yanakuwa meupe pee

[20:34] Neema: Shemeji, tutavuka pale mto unapopanuka, si pembamba. Begi unalegeza mikanda ili ukianguka ulivue. Nimeshapanga.

[20:35] Mama Pili: Umempangia nani?

[21:00] Neema: Saa tatu hii. Nina jina moja na nusu.

IJUMAA

[05:38] Babu: Wanangu nimesoma yote. Mto ule naujua. Mvua si lazima inyeshe mlipo ninyi. Inanyesha huko juu unakotoka, ninyi mna jua kichwani, maji yanakuja. Mkiona yamegeuka rangi, yanaleta majani na vijiti, au sauti yake imebadilika, msijadiliane, pandeni juu. Na mvua ikikatika msidhani mto nao umekatika, unaweza kuendelea kujaa. Jumamosi hakuna wa kuvuka. Siku ile nilinyamaza kwa sababu mlirudi wote.

[06:50] Binamu: Shikamoo Babu

[06:52] Side: Shikamoo Babu. Tumekusikia

[07:15] Babu: Marahaba.

[09:47] Neema: Shikamoo Babu. Sawa. Basi tunaishia poromoko la kwanza, upande wetu huu huu. Na hakuna kuoga chini yake, mto ukijaa unashusha mawe na magogo. Radi ikipiga tunageuza. Kuondoka saa moja.

[09:49] Binamu: la kwanza dogo lakini 😩

[09:49] Neema: Mwambie Babu.

[09:50] Binamu: la kwanza zuri sana

[12:20] Mjomba: Mama Pili, safari hii nitakuwa nyuma yako.

[14:05] Mjomba: Na begi nitakubebea.

[16:41] Mama Pili: Begi langu nitabeba mwenyewe. Kama nitakuja. Nitaangalia kukicha kukoje.

[16:43] Neema: Kwa hiyo nikuandike?

[18:10] Neema: Dada?

[18:32] Side: gari ni la nani jamani

[18:36] Neema: Mjomba alisema lake. Mjomba? Tukutane saa mbili basi, wa mbali wapate muda.

[21:17] Shemeji: Saa moja au saa mbili? Naona zimeandikwa zote.